Maumivu ya kano la kisigino: mwongozo wa kuyaelewa na kuyatibu hatua kwa hatua

Unaamka, unashusha miguu chini, na hatua za kwanza ni za kuchechemea. Nyuma ya kifundo cha mguu pamekakamaa, halafu baada ya dakika chache panalegea na unasahau. Jioni unatoka kukimbia. Mwanzoni panauma, mwili ukishapata joto maumivu yanatulia, na unajiambia kwamba afadhali. Kesho yake asubuhi hali ni mbaya kuliko jana.

Ukijiona humo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kano lako la Achilles limezidiwa. Wengi wakifika hapa hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaopumzika wiki tatu mpaka maumivu yaishe kabisa, kisha wanarudi palepale walipoishia na yanaanza upya. Wapo wanaokaza meno na kuendelea kama kawaida. Njia zote mbili hulichelewesha kano. Kano hupona kwa kubebeshwa mzigo: mzigo uliopimwa, unaoongezwa kidogo kidogo kwa miezi. Na kipimo cha kuaminika cha mzigo huo ni asubuhi inayofuata, kuliko maumivu unayoyasikia wakati wa mazoezi. Karibu kila kitu katika mwongozo huu kinarudi kwenye jambo hilo.

Kinachouma ni nini

Kano la Achilles, ambalo wengi hulitaja tu kama mshipa wa kisigino, ndilo kano nene na lenye nguvu kuliko yote mwilini. Linaunganisha misuli miwili ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Msuli wa juu, ule unaoonekana umetuna, ni gastroknemio, nao huanzia juu ya goti. Wa pili, soleo, umejificha chini yake na huanzia chini ya goti. Tofauti hiyo ishike vizuri, maana ndiyo sababu mazoezi yatafanywa kwa namna mbili: goti likiwa limenyooka na goti likiwa limekunjwa.

Mtu akikimbia, kano hili hubeba nguvu inayofikia mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni zaidi ya kilo 400 katika kila hatua. Kano zima huimudu kazi hiyo kwa sababu nyuzi zake za kolajeni zimelazwa upande mmoja na kubanana, kama nyuzi za kamba. Mzigo ukizidi kile kano lilichozoea, seli zake huanza kubadilika. Maji huvutwa ndani, kano hunenepa, na hali hiyo ikiendelea nyuzi hupoteza mpangilio huku vishipa vidogo vya damu na neva vikiota pale ambapo kwa kawaida havipo.

Kwa hiyo hapa hatushughulikii uvimbe kama ule wa jeraha jipya. Ibuprofeni au diklofenaki zinaweza kupunguza makali kwa siku chache, lakini hazirudishi nguvu iliyopotea. Tena kuna jambo linalowatia watu hofu bure: altrasaundi inaweza kuonyesha kano lililoharibika kwa mtu asiye na maumivu hata kidogo, na inaweza kuendelea kuonyesha hivyo kwa mtu aliyekwisha kupona na kurudi uwanjani. Usiitibu picha. Tibu uwezo wa mguu.

Chanzo, mara nyingi, ni badiliko la ghafla. Umeongeza kilomita nyingi ndani ya wiki chache, umeanza kupanda vilima au kukimbia kwa kasi, umerudi mazoezini baada ya mapumziko marefu, au umetoka kwenye viatu vyenye kisigino kilichoinuka ukaingia vya soli bapa. Hata hivyo, si maradhi ya wakimbiaji peke yao. Wapo wengi wanaoyapata bila kucheza mchezo wowote, hasa wenye kisukari, kolesteroli iliyopanda, jongo, uzito mkubwa, na wanawake waliokaribia au kuvuka ukomo wa hedhi.

Na kuna dawa. Antibayotiki za kundi la flurokwinoloni, zikiwemo siprofloksasini na levofloksasini, zinaweza kuumiza makano na hata kuyakata. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Maumivu yanaweza kuanza siku chache tu baada ya dozi ya kwanza, au miezi baada ya kumaliza dawa. Yakikupata ukiwa bado unazimeza, usimeze dozi inayofuata. Wasiliana na daktari siku hiyohiyo akubadilishie, kwa sababu maambukizi yenyewe bado yanahitaji kutibiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha si jambo jingine

Kabla ya zoezi lolote, jiulize maumivu yalianzaje. Kama yalikuja kwa kishindo, ukasikia mlio wa kitu kukatika au ukahisi umepigwa teke kwa nyuma, ukageuka na kukuta hakuna mtu, huenda kano limekatika. Lala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, umwombe mtu akubinye shavu la mguu. Kano likiwa zima, unyayo husogea wenyewe kana kwamba unakanyaga pedali. Usiposogea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usidanganyike kwamba unaweza kutembea, kwa kuwa misuli mingine humsaidia mtu kujikokota hata kano likiwa limekatika kabisa. Kano lililokatika hutibiwa kwa upasuaji au kwa kiatu maalumu kinachoshikilia mguu, na njia zote mbili hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

Shavu la mguu likivimba, likiwa na joto na maumivu, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kulala kitandani kwa siku nyingi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hilo ni la dharura. Kama ukakamavu wa asubuhi unadumu zaidi ya saa moja, umeshika visigino vyote viwili na viungo vingine, au unaandamana na macho mekundu yanayouma au ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, mwone daktari akupime magonjwa ya baridi yabisi. Na mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayelalamika kisigino, kwa kawaida shida iko kwenye sehemu ya mfupa inayokua. Mwongozo huu si wake.

Hatua ya 2: Tafuta mahali hasa panapouma

Keti na uweke kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili. Libane kano kati ya kidole gumba na cha shahada, ukianzia juu karibu na msuli, kisha shuka polepole ukibonyeza kila baada ya upana wa kidole. Linganisha na mguu wa pili.

Maumivu yakiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, tatizo liko katikati ya kano. Hapo mara nyingi utakuta pamenenepa, pengine pana donge. Yakiwa chini kabisa, pale kidole kinapogusa mfupa, tatizo liko mahali kano linapojishika.

Usiipite hatua hii haraka, kwa maana tiba inagawanyika hapa. Vidole vya mguu vikivutwa juu kuelekea goti, sehemu ya chini ya kano hukandamizwa dhidi ya mfupa wa kisigino, na huko ndiko kunakoiumiza. Kwa hiyo mwenye maumivu ya mfupani asinyooshe shavu la mguu kwa kusukuma ukuta, na asishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, ingawa hayo ndiyo mambo ya kwanza atakayoshauriwa na kila rafiki. Nimeona watu wakinyoosha kwa bidii asubuhi na jioni, miezi nenda miezi rudi, wakishangaa kwa nini hawaponi. Kunyoosha kwenyewe ndiko kulikokuwa kukiwarudisha nyuma.

Hatua ya 3: Punguza, lakini usisimame

Ondoa kwa muda vitu vinavyolinyanyasa kano: kuruka, kukimbia kwa kasi, vilima, na michezo ya kusimama na kuanza ghafla. Bakiza unavyovimudu. Kutembea, kuendesha baiskeli na kuogelea kwa kawaida havina shida. Kama kukimbia polepole kwenye tambarare hakukuletei balaa asubuhi yake, si lazima uache.

Utajuaje umezidisha? Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Watafiti wa Uswidi waliochapisha kazi yao mwaka 2007 waliwaruhusu wagonjwa waendelee na kukimbia na kuruka huku wakifanya mazoezi ya tiba, mradi maumivu yasivuke 5, yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata, na maumivu na ukakamavu visiongezeke wiki hadi wiki. Hawakupona vibaya kuliko wale waliopumzishwa. Mimi humshauri mtu aanze na mpaka wa 3 au 4, hasa kama anajijua ni mtu wa kupunguza alama ili apate ruhusa ya kutoka.

Fanya kipimo kilekile kila asubuhi, kabla mguu haujapata joto. Hatua kumi kutoka kitandani zinatosha. Andika alama kwenye daftari. Ikiwa jana iliandikwa 2 na leo ni 5, kazi ya jana ilikuwa kubwa mno, hata kama wakati ule ulijisikia vizuri. Ikibaki 2, uko sawa. Usihukumu kwa siku moja peke yake. Angalia mwelekeo wa wiki.

Vipande vya kuinua kisigino, vyenye unene wa takriban sentimita 1, vikiwekwa ndani ya viatu vyote viwili hupunguza mvuto, na kwa mwenye maumivu ya mfupani husaidia sana. Yeye pia aepuke kutembea pekupeku kwenye sakafu ngumu, na aepuke kiatu kinachombana nyuma. Barafu ikikutuliza, itumie.

Hatua ya 4: Shikilia bila kusogea

Kama kano ni kali kiasi kwamba kupanda na kushuka kunauma mno, anza hapa. Chuchumia kwa miguu yote miwili, visigino vikiwa vimeinuka nusu ya njia, na ubaki hapo sekunde 45. Pumzika dakika 2. Rudia mara 5. Uzito ukionekana mdogo, hamishia zaidi kwenye mguu unaouma. Wengine hupata nafuu ya saa kadhaa, wengine hawaoni tofauti. Usipoiona, endelea na hatua ya 5.

Hatua ya 5: Jenga nguvu

Hii ndiyo tiba yenyewe. Hatua nyingine zote zinaipisha au zinaifuata.

Mwaka 1998 daktari wa mifupa wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliokuwa na maumivu sugu katikati ya kano. Walishusha kisigino polepole kwenye ukingo wa ngazi, wakipanda kwa msaada wa mguu usiouma: seti 3 za marudio 15 goti likiwa limenyooka, na 3 za 15 goti likiwa limekunjwa, mara 2 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Ni marudio 180 kwa siku. Wote 15 walirudi kukimbia. Mazoezi hayo yamebaki kuwa msingi wa tiba tangu hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark wakayalinganisha na mazoezi ya uzito mkubwa yanayofanywa polepole mara 3 tu kwa wiki. Matokeo hayakutofautiana.

Mimi nachagua njia ya pili, na sababu ni moja: watu huimaliza. Marudio 180 kila siku yanamshinda mtu mwenye kazi na watoto, na mpango ulioachwa wiki ya nne haumponyi yeyote.

Simama umetazama ukuta, viganja vimeugusa kwa ajili ya mizani tu, bila kuegemea. Miguu iachane kwa upana wa nyonga. Inua visigino ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka juu kabisa. Sukuma kupitia shina la kidole gumba, maana wengi huachia uzito umwagikie upande wa kidole kidogo na kifundo kinapinda nje. Ukifika juu, tulia kidogo. Shuka kwa hesabu ya tatu vilevile. Usijiachie uanguke, kwani katika kushuka ndimo kano linapofanya kazi kubwa. Kama mtu aliye chumba cha pili anasikia kisigino kikigonga sakafu, umeshuka haraka.

Fanya seti 3 za marudio 15, upumzike dakika 2 kati ya seti na seti. Kisha keti kitini, magoti yamekunjwa pembe mraba, weka mzigo juu ya goti la mguu unaouma, uinue na kushusha kisigino kwa mwendo uleule. Hapo ni zamu ya soleo, na usiiruke, kwa kuwa ndio msuli unaobeba sehemu kubwa ya kazi katika kukimbia. Kukaa kunaupunguzia mwili uzito, kwa hiyo mzigo uwe mzito kweli: begi lililojazwa vitabu, ndoo ya maji, chochote kinachokaa salama. Fanya yote mawili mara 3 kwa wiki, ukiacha angalau siku moja katikati.

Kuongeza mzigo kunafuata ngazi. Kwanza miguu miwili kwa usawa. Pili, miguu miwili huku unaouma ukibeba zaidi. Tatu, panda kwa miwili na ushuke kwa mmoja. Nne, mguu mmoja kupanda na kushuka. Tano, mguu mmoja ukiwa umevaa begi mgongoni, ukianza na kilo 5 na kuongeza. Kadiri mzigo unavyopanda, marudio yashuke: kutoka 15 hadi 12, 10, 8, na mwishoni 6. Marudio mawili ya mwisho ya kila seti yawe magumu kwelikweli. Ukimaliza seti huku unaweza kuendelea na mazungumzo kama kawaida, umeweka mzigo mdogo. Panda ngazi pale tu alama za asubuhi zinapokuwa zimetulia.

Mwenye maumivu ya katikati anaweza, akifika ngazi ya tatu, kuhamia kwenye ukingo wa ngazi ya nyumba na kushusha kisigino chini ya usawa. Mwenye maumivu ya mfupani abaki sakafuni, na mwanzoni anaweza kuweka kitabu au ubao mwembamba chini ya visigino.

Wiki za kwanza mbili hadi nne mara nyingi hakuna cha kujivunia, na kano linaweza hata kulalamika zaidi kidogo. Wengi huacha hapo. Jipe wiki 12 kabla ya kutoa hukumu, na ujue kwamba kupona kabisa kwa wengi huchukua miezi 6 hadi mwaka. Asubuhi ikiwa mbaya, shuka ngazi moja kwa siku tatu nne, kisha panda tena. Usirudi mwanzo, wala usilale kitandani kungojea maumivu yaishe yote.

Hatua ya 6: Rudi kuruka na kukimbia

Nguvu peke yake haitoshi. Kukimbia ni mfululizo wa miruko midogo, na kano linapaswa kufundishwa upya kupokea mzigo wa haraka. Uko tayari kuanza ukiweza kutembea kwa kasi nusu saa bila matatizo asubuhi yake, na ukiweza kuchuchumia kwa mguu unaouma idadi inayokaribia ya mguu mzima. Mara 20 hadi 25 ni lengo zuri, ingawa umri ukisogea idadi hii hupungua kwa kila mtu.

Anza na miruko midogo ya miguu miwili papo hapo, kama ya kuruka kamba, seti 3 za 20. Wiki ikipita salama, jaribu mguu mmoja. Kisha kimbia dakika 1 na utembee dakika 2, mara 8, kwenye tambarare. Acha siku 2 kabla ya kurudia, kwa sababu baada ya kazi nzito kano huhitaji saa 48 hadi 72 kujijenga. Mkimbiaji aliyezoea kutoka kila siku huiona ratiba hii kama adhabu, lakini siku hizo za katikati ndizo zinazofanya kazi. Ongeza muda wa kukimbia kwanza, kasi baadaye, vilima mwisho. Usiongeze viwili katika wiki moja. Mazoezi ya nguvu yanaendelea wakati wote huu.

Tiba utakazopendekezewa

Sindano ya steroidi karibu na kano hili iogope. Inaweza kutuliza kwa wiki chache, lakini inahusishwa na kano kudhoofika na kukatika. Sindano ya plazma iliyotolewa katika damu yako mwenyewe inauzwa kwa sifa kubwa, ila majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2010 na 2021 hayakuikuta ikiishinda sindano ya bandia, isiyo na dawa. Tiba ya mawimbi ya mshtuko, yaani mashine inayopeleka mapigo kwenye kano kupitia ngozi, ina nafasi kama nyongeza, pale mazoezi yaliyofanywa vizuri kwa miezi 3 yamekwama. Kukanda shavu la mguu kunalegeza, na hakuna ubaya. Upasuaji haufikiriwi kabla ya miezi 6 ya mazoezi ya kweli, na hata baada yake mazoezi yaleyale yanakungoja.

Kabla ya kulipia lolote kati ya hayo, fungua daftari lako uone ulibeba kilo ngapi. Mara nyingi aliyeambiwa kwamba mazoezi yameshindikana hajawahi kupita ngazi ya pili.

Baada ya kupona

Maumivu yakiisha, punguza mazoezi ya nguvu hadi mara 1 au 2 kwa wiki, kwa uzito uleule mkubwa, na usiyaache. Uwe mwangalifu zaidi pale ratiba inapokatika: baada ya homa, safari, au mwezi wa kazi nyingi, anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya na upande kwa wiki tatu nne. Viatu vipya vya soli bapa vivae kwa matembezi mafupi kwanza. Asubuhi ukihisi ukakamavu umerudi, rudisha daftari, shuka ngazi moja siku hiyohiyo, na endelea kubeba.